Magma Ikipenya Kwenye Makaa ya Mawe, Kaboni Yake Huenda Wapi?

Swali: Assalamu alaikum, Daktari. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa kisiwani Lamu. Tangu siku za mjadala wa kituo cha umeme kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, wanafunzi wangu hawaachi kuuliza habari za makaa ya mawe. Majuzi mmoja wao alisoma kwamba makaa ya Afrika Kusini yalipitiwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hapo zamani, akaniuliza: ikiwa magma ina joto la zaidi ya nyuzi elfu moja, mbona makaa yale hayakuungua yote yakawa majivu? Na kilichotoka ndani yake kilikwenda wapi? Naomba unieleze, na uniambie pia kama jambo kama hilo linaweza kuwa limetokea katika miamba ya pwani yetu.

Jibu: Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Mwambie mwanafunzi wako kwamba makaa yale hayakuungua kwa sababu hayakupata hewa. Kuungua ni kaboni kuungana na oksijeni, na kilomita moja au mbili chini ya ardhi, ndani ya tabaka lililobanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake, haipo oksijeni ya kutosha kuungana na kaboni yote ile. Magma huleta joto, haileti hewa. Kwa hiyo makaa hupikwa, hayaungui, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha kaboni kitabaki mwambani na ni kiasi gani kitaondoka.

Wachoma makaa wa pande za Magarini na Ganze, huku kwetu Kilifi, wanaijua tofauti hiyo kwa kazi ya mikono yao. Magogo hupangwa, yakafunikwa kwa nyasi na udongo, moto ukawashwa na kuachiwa tundu dogo tu. Kwanza hutoka moshi mweupe wenye mvuke wa maji, kisha moshi mzito wenye lami, na mwishowe moshi mwembamba wa samawati, ishara kwamba kilichobaki ndani karibu chote ni kaboni. Udongo ukipasuka hewa ikaingia, pale palipopasuka mchomaji hukuta majivu badala ya makaa. Chini ya ardhi kemia ni hiyohiyo, ila kifuniko hakipasuki kwa urahisi. Joto huvunja minyororo ya molekuli iliyounganisha kaboni na hidrojeni, oksijeni na nitrojeni. Vipande vyepesi huondoka vikiwa maji, kaboni dioksidi, lami, methani na hidrojeni. Na kaboni inayobaki hujipanga upya katika pete zilizoshikana, pete zikawa vibao vyembamba, vibao vikalala kimoja juu ya kingine.

Ni vyema wanafunzi wajue kwanza hali ya kawaida ilivyo, ndipo wauone ugeni wa magma. Makaa ya mawe huanza kama mboji ya kinamasi, yakawa ligniti, kisha makaa ya bitumini, kisha anthrasiti, na kila hatua huletwa na joto la kuzikwa. Kadiri tabaka linavyoshuka chini, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita, kwa hiyo tabaka linalotaka nyuzi 100 huhitaji kuzikwa kilomita tatu hivi na kukaa huko kwa mamilioni ya miaka. Sheli, yaani ule mwamba wa tope lililogandamana ambao huvunjika kwa vipande vyembamba, hupita njia hiyohiyo. Kaboni yake haikulundikana tabaka zima kama ilivyo katika makaa; imetawanyika ndani ya udongo ikiwa kerojeni, mabaki ya mwani na mimea yaliyogandamana. Kati ya nyuzi 60 na 120 hivi kerojeni hutoa mafuta, na joto likizidi hapo kinachotoka zaidi ni gesi. Magma huifanya kazi hiyo yote kwa miaka michache, na huivusha mbali kuliko pale ambapo kuzikwa peke yake kungeifikisha.

Lakini joto hilo lina mipaka, na hapo ndipo hesabu inapotufaa. Basalti, ule mwamba mweusi wa volkano, ikiwa bado majimaji huwa na nyuzi kati ya 1,100 na 1,200. Mwamba unaoguswa haufikii kiwango hicho, kwa sababu magma nayo hupoa mara inapokutana na ukuta wa baridi. Ikiwa mwamba ulikuwa na nyuzi 50 na magma nyuzi 1,150, joto la pale wanapokutana huwa karibu nyuzi 600, likaongezeka kiasi kutokana na joto ambalo magma hulitoa inapoganda. Hali hubadilika pale magma isiposimama, bali ikaendelea kupita mle mle kwa muda mrefu ikielekea juu. Ukuta hupashwa moto na magma mpya kila mara, na ukanda uliopikwa huwa mpana kupita kiasi cha mwamba unaoonekana leo.

Magma hupenya kwa namna mbili kubwa. Ikikata matabaka kwenda juu huacha ukuta wa mwamba unaoitwa daiki. Ikijisukuma baina ya tabaka na tabaka, ikalala, huacha bamba linaloitwa sili. Kwa makaa na sheli, sili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa huweza kutandaa chini au juu ya tabaka moja kwa kilomita nyingi, ilhali daiki hulikata mahali pamoja ikapita. Muda wa kupoa hutegemea unene, na kanuni yake ni ya kustaajabisha kwa wanaoisikia mara ya kwanza: unene ukiongezeka maradufu, muda huongezeka mara nne. Daiki ya mita moja hupoteza joto lake kwa siku chache hadi majuma machache. Sili ya mita 10 huchukua miaka kadhaa. Sili ya mita 100 huendelea kupika majirani zake kwa karne. Ukanda uliobadilika kila upande mara nyingi huwa na upana kati ya theluthi moja ya unene wa sili na maradufu ya unene huo.

Upana huo hautabiriki kwa unene peke yake, na mhusika mkuu wa tofauti hizo ni maji. Mwamba uliojaa maji hutumia joto jingi kuyachemsha kabla haujapata moto wenyewe, kwa hiyo ukanda wake huwa mwembamba. Maji yakipata njia ya kuzunguka katika nyufa, huchukua joto upande mmoja na kulipeleka upande mwingine. Ndiyo maana mara nyingi juu ya sili hakufanani na chini yake. Anayechora ukanda wa duara safi kuzunguka kila sili katika kitabu cha shule anarahisisha mno, na ningependa wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi.

Sasa tuitazame daiki moja iliyokata tabaka la makaa ya bitumini katika mgodi, tukianzia mbali na kuikaribia. Mita nyingi kutoka kwenye daiki makaa ni meusi, yana mistari ya kung'aa na mistari iliyofifia, na huvunjika kwa pande zilizonyooka. Ukikaribia, mng'ao huzidi kwanza, kwa sababu makaa yamepanda daraja kuelekea anthrasiti. Ukikaribia zaidi mng'ao hupotea: rangi inakuwa ya kijivu cha chuma, mwamba una vitundu, ni mgumu, na umekatika katika vinguzo vidogo vyenye pembe tano au sita vilivyosimama wima kwenye uso wa daiki. Hiyo ni koki ya asili, yaani makaa yaliyopikwa bila hewa mpaka yakapoteza gesi zake. Vitundu vyake vimetokea kwa sababu makaa ya bitumini yakifikia nyuzi 350 hadi 500 hulainika kama lami, na gesi inayotoka wakati huo huacha mapovu. Ndani ya vitundu mara nyingi hukutwa fuwele nyeupe za kalisaiti zilizoletwa baadaye na maji.

Daiki yenyewe haisalimiki. Pale inapogusana na makaa, mwamba uliopaswa kuwa mweusi huwa mweupe au wa rangi ya maziwa machafu, laini, uliojaa udongo wa mfinyanzi na madini ya kaboneti, kwa sababu kaboni dioksidi na maji yaliyotoka katika makaa yameishambulia magma iliyokuwa ikiganda. Wachimbaji wa Scotland waliutambua mwamba huo mweupe zamani. Hili napenda kulisisitiza, kwa sababu vitabu vingi husimulia kana kwamba magma hutenda na makaa hutendwa tu.

Kipimo tunachokiamini zaidi hufanywa kwa hadubini. Kipande cha makaa au sheli huwekwa ndani ya gundi ngumu, kikasuguliwa mpaka kikawa laini kama kioo, kisha likadondoshwa tone la mafuta maalumu baina yake na lenzi. Mpimaji hutafuta punje za vitriniti, ambayo ni mabaki ya mbao na magome, na kupima ni asilimia ngapi ya mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 546 inayorudishwa. Kadiri kaboni ilivyojipanga katika vibao, ndivyo inavyorudisha mwanga mwingi. Katika hatua ya kutoa mafuta kipimo huwa kati ya asilimia 0.6 na 1.3; anthrasiti huanzia asilimia 2 na ushei; karibu na daiki hukutwa asilimia 4, 5 na hata zaidi. Chini ya hadubini koki iliyotokana na makaa ya bitumini huonyesha pia viraka vidogovidogo vinavyobadilika rangi ukizungusha sahani, na viraka hivyo ni ushahidi kwamba makaa yalipita hatua ya kulainika. Ligniti na anthrasiti hazilainiki, kwa hiyo hazitoi viraka hivyo hata zikipashwa moto uleule. Kwa sababu hiyo mwanajiolojia anaweza kusema makaa yalikuwa yamefikia daraja gani siku magma ilipofika, jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya taaluma hii.

Joto likiwa kali na likakaa muda mrefu, mwisho wa njia ni grafaiti, yaani kaboni tupu iliyojipanga kikamilifu katika vibao. Katika jimbo la Sonora nchini Meksiko makaa yaliyopashwa moto na magma ya graniti yamekuwa grafaiti inayochimbwa, na katika bonde la Tunguska huko Siberia zipo akiba za grafaiti zilizotokana na makaa kwa namna iyo hiyo. Hata hivyo daiki nyingi ni nyembamba mno kuweza kufika huko. Huishia kwenye koki.

Kwa upande wa sheli, macho hayaoni mengi. Mwamba huwa mgumu zaidi, mara nyingine hulia kama kigae ukigongwa kwa nyundo, na weusi wake hubadilika kidogo, basi. Mabadiliko yenyewe yamo katika vipimo. Maabara hupasha unga wa sheli joto kwa utaratibu, kutoka nyuzi 300 hadi 650 hivi, na kupima ni kiasi gani cha mafuta na gesi kinachoweza kutoka bado. Sheli ambayo haijapikwa hutoa kingi. Iliyo karibu na sili haitoi karibu chochote, kwa kuwa hidrojeni yake ilikwisha kuondoka. Lipo pia tahadhari la kuchukua: ukanda uliopikwa hujazwa kaboneti zilizoletwa na maji, kwa hiyo unga lazima uoshwe kwanza kwa asidi ya hidrokloriki mpaka uache kutoa povu, la sivyo kaboni ya kalisaiti itahesabiwa kuwa kaboni ya viumbe na hesabu nzima itaharibika.

Wanafunzi wako wanaweza kuifanya hesabu ifuatayo ubaoni. Chukua sheli yenye asilimia 5 ya kaboni ya viumbe. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 2.5 hivi, yaani kilo 125 za kaboni. Tukichukulia kwamba nusu yake imeondoka yote ikiwa methani, tunapata kilo 83 za gesi hiyo kutoka kila mita ya ujazo. Sasa panua ukanda uwe na unene wa mita 10 juu ya eneo la kilomita moja ya mraba: methani inazidi tani 800,000. Sili za bonde la Karoo nchini Afrika Kusini hazikutandaa kilomita moja tu. Zimetapakaa sehemu kubwa ya nchi. Zilipenya miaka milioni 183 iliyopita, zikakata matabaka ya makaa na pia sheli nyeusi ya Whitehill, na karibu na sili kaboni ya sheli hiyo imepungua sana.

Hapa ndipo lilipo swali la pili la mwanafunzi wako, na nakiri kwamba ndilo linalonivutia kuliko yote. Gesi ile ilikwenda wapi? Karoo ina mamia ya mabomba ya mwamba uliovunjikavunjika, yanayoanzia katika kanda zilizopikwa na kupanda hadi kulikokuwa uso wa nchi. Mabomba hayo ni alama ya msukumo: mvuke na gesi vilijaa mpaka kifuniko kikashindwa, vikalipuka kwenda juu. Wakati huohuo, miaka milioni 183 iliyopita, miamba ya baharini katika nchi nyingi inaonyesha kwamba hewa na bahari zilipokea kaboni nyingi iliyo nyepesi (maana yake nitaieleza hapa chini), dunia ikapata joto, na sehemu za bahari zikakosa oksijeni. Mambo kama hayo yanaonekana Siberia miaka milioni 252 iliyopita, ambako magma ilipenya makaa, chumvi na mafuta ya Tunguska wakati wa maangamizi makubwa kuliko yote yaliyowahi kuwapata viumbe. Yapo pia mbele ya pwani ya Norwei, ambako sili zilipenya matope ya bahari karibu na wakati dunia ilipopata joto la ghafla miaka milioni 56 iliyopita. Kwa hoja hii, madhara ya volkano hupimwa pia kwa aina ya mwamba uliopikwa chini yake, mbali na wingi wa lava.

Naiona hoja hii kuwa ya nguvu, lakini sitaki mwanafunzi wako aichukue kama jambo lililokwisha. Tatizo limo ndani ya makaa yenyewe. Kaboni ina isotopu mbili thabiti, kaboni-12 iliyo nyepesi na kaboni-13 iliyo nzito, na vifungo vya ile nyepesi huvunjika kwa urahisi zaidi. Ikiwa methani nyingi iliondoka, basi makaa yaliyobaki kando ya daiki yangepaswa kuwa na kaboni-13 nyingi kuliko yaliyo mbali, kwa kadiri inayopimika vizuri. Watafiti waliochukua sampuli hatua kwa hatua kuelekea kwenye daiki, Afrika Kusini na Marekani, mara nyingi wamekuta mabadiliko madogo, mara nyingine yakielekea upande usiotarajiwa. Wapo wanaosema kwamba sehemu ya gesi haikufika mbali. Ilinaswa ndani ya vitundu vya koki na nyufa, ikaacha kaboni yake humohumo. Wengine wanajibu kwamba kilichoondoka hakikuwa methani peke yake, bali pia lami na kaboni dioksidi, na kwamba mchanganyiko huo hufuta tofauti. Rai yangu ni kwamba tusihukumu daiki nyembamba na sili nene kwa kipimo kimoja. Daiki ya mita mbili hupika kidogo na kupoa upesi, na gesi yake huweza kunaswa; sili ya mita 100 chini ya sheli, ikiwa na mabomba ya kupumulia, ni jambo jingine kabisa. Wanaotumia makaa ya kando ya daiki kukanusha habari za sili za sheli wanalinganisha vitu visivyolingana.

Athari za jambo hili hazikuishia zamani. Katika migodi ya makaa ya Mpumalanga, Afrika Kusini, doleraiti ngumu, yaani mwamba wa daiki na sili hizo, huvunja meno ya mashine, paa la mgodi hupasuka karibu nayo, na gesi iliyonaswa kando ya daiki huweza kufyatuka ghafla. Makaa yaliyopoteza gesi zake huwaka kwa shida katika tanuri lililoundwa kwa makaa ya kawaida. Mpango wa Kwasasi, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (NET) mwezi Juni 2019, ulikusudia kuleta makaa kutoka Afrika Kusini, na mnunuzi yeyote wa makaa ya nchi hiyo hulazimika kuuliza kiasi cha gesi kilichobaki ndani yake kabla ya kuuliza bei.

Na pwani yetu? Kisiwa chenyewe cha Lamu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na hutakuta daiki ukichimba kisima Shela. Chini yake limo bonde lenye kilomita kadhaa za tope na mchanga, lililojaa tangu Madagaska ilipojitenga na ubavu wetu. Kisima cha Mbawa, kilichochimbwa baharini mwaka 2012, kilikuta gesi isiyotosha kwa biashara; lakini kuwepo kwa gesi hakuthibitishi magma, kwa kuwa kuzikwa kwa kina hicho kunatosha kuipika kerojeni. Vivyo hivyo wekundu wa makorongo ya Marafa, ambao mgeni anaweza kudhani ni kazi ya moto wa chini, ni kutu ya chuma katika mchanga laini uliochongwa na mvua.

Penye matumaini ni upande wa kusini. Miamba ya Duruma, inayoanzia bara ya Kilifi hadi Kwale, ni ya zama zilezile za matabaka ya Karoo yaliyopenywa na sili, na matabaka yake yaitwayo Maji ya Chumvi yana sheli. Huko Kwale, vilima vya Jombo na Mrima ni magma iliyopenya miamba hiyo katika zama za Kreteshasi, zama za mwisho za dinosaria, na daiki zake zimetawanyika katika mchanga-mawe wa jirani. Ukipata nafasi ya kuwapeleka vijana huko, watafute mahali daiki inapoikata sheli, wachukue vipande mpakani, kisha kila hatua mpaka umbali wa mara mbili au tatu ya unene wa daiki, waviandike namba papo hapo, na kila kipande wakigonge kwa nyundo wasikilize kinavyolia. Magogo ya miti yaliyogeuka jiwe katika mchanga-mawe wa Mazeras wayaache kando katika kazi hii, kwa kuwa hayo yalijazwa madini ya silika na maji, hayakupikwa na magma.